Karatasi ya Mgeni wa Kila Siku

Habari ilinikuta kwenye kiti cha kinyozi, hapa hapa mtaani kwetu Chumbageni, wembe ukiwa umeshapita upande wa kulia wa kichwa changu na wa kushoto bado. Simu ikalia, jirani akasema neno moja tu, "Ametangulia," wala sikumuuliza nani. Tulikuwa tunalingoja tangu madaktari walipomruhusu na kumwambia akapumzike nyumbani; mtu mzima akiambiwa hivyo anaelewa. Nikainuka vile vile, nikaacha kitambaa kitini na kofia yangu msumarini, nikaenda msibani nusu nimenyolewa, nusu sijanyolewa. Wasomaji wangu wa kila wiki mnanijua: mimi ni mtu wa kujipenda, shati langu halitoki nje bila kupigwa pasi. Siku hiyo nilipita mbele ya watu wazima kichwa kikiwa kama shamba lililolimwa upande mmoja. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja ambaye hata simjui, kwa lafudhi Mbondei, alivua kofia yake akanivika, akaniambia, "Kaa hapa, ndugu yangu," nikakaa. Kofia ile nitairudia.

Marehemu simtaji jina, ndiyo desturi ya safu hii, na hata yeye angenikemea. Alinizidi miaka miwili, na kwa hiyo miwili hakuniachia: kila asubuhi tukikutana mlangoni alisimama, mikono kiunoni, mpaka nimwamkie. "Shikamoo, dada." "Marahaba, Bwana Mwandishi. Haya, sasa unaweza kupita." Alizaliwa katika kambi ya shamba la mkonge, njia ya kwenda Pangani, baba yake akiwa mtu wa Songea aliyekuja kwa mkataba wa kukata mkonge na asirudi tena kwao. Walikuwa Wakatoliki wa misa ya kwanza, wale wanaofika kanisani kabla ya padri. Yeye akasoma, akaajiriwa ukarani katika kiwanda cha shamba hilo hilo, na huko ndiko walikomwita Mama Karatasi. Kwa nini karatasi, inabidi nianze na vidole vya baba yake.

Baba huyo, baada ya miaka ya kukata majani, alihamishiwa kiwandani kwenye korona, ile mashine inayosaga jani la mkonge na kutoa singa, yaani nyuzi zake. Siku ya pili tu ya kazi hiyo majani yakakwama. Ukutani palikuwa na tangazo, naye kusoma alijua, alifundishwa na katekista: "Zima mashine kabla ya kusafisha." Sawasawa. Lakini izimwe wapi? Swichi ilikuwa nyuma ya ukuta, upande wa pili, na kila mwenyeji aliijua. Yeye hakuijua, na hakuuliza, kwa sababu jana yake aliuliza mahali pa kunywea maji wakamcheka mchana kutwa, wakamwita mshamba. Basi akaona haya. Akaingiza mkono. Vidole vitatu vikabaki mle. Binti yake alikuwa na miaka tisa, na aliniambia kuwa kilichomuumiza kuliko damu ni maneno ya msimamizi aliyekuja kambini jioni ile: "Tangazo lilikuwepo. Angesoma." Lo! Tangazo lilikuwepo, ni kweli. Na alilisoma.

Alipoajiriwa ukarani, kazi ya kwanza aliyojipa bila kutumwa na mtu ilikuwa kuandika upya lile tangazo. Aliandika: "Majani yakikwama, simama. Usiguse. Geuka nyuma, pita mlango mdogo, utaona swichi nyekundu mkono wa kushoto. Ishushe. Ngoja mpaka gurudumu litulie kabisa, ulione kwa macho." Kisha akafanya jambo ambalo watu wa kiwandani walilisimulia kwa miaka. Alimchukua mama mmoja aliyeajiriwa asubuhi ile ile, akampa karatasi, akamwambia afanye kama ilivyoandikwa, naye akasimama pembeni kimya, akauma mdomo wake kwa meno. Yule mama akapita mlango mkubwa badala ya mdogo. Wenyeji wakaangua kicheko. Mama Karatasi akawageukia, mkali kama pilipili mbuzi: "Mnacheka nini? Hajakosea yeye. Karatasi ndiyo imekosea." Akaichukua, akafuta, akaandika, akamwita mgeni mwingine. Ikawa ndiyo kanuni yake ya maisha: maelezo hayajakamilika mpaka aliyefika leo ayafuate bila kuuliza, na akitaka kuuliza, aulize bila haya. Kila karatasi yake, hata ya namna ya kupanga foleni ya chai, iliishia kwa mstari ule ule: "Ukiona hujaelewa, rudi kwa aliyekutuma umuulize. Hakuna atakayekucheka."

Shamba lilipopunguza watu akahamia huku kwetu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, akawa anawaandikia watu barua. Ndipo vijana wa mtaa wa Usagara, hapa hapa mjini, walipomgundua. Ni vijana wanne wenye ofisi ghorofani, na wametengeneza huduma ya kutafuta: unaandika kwenye simu unachohitaji, inakuonyesha ni zahanati ipi ya mwambao huu inacho leo. Jambo la kheri. Mimi nilidhani simu inatafuta yenyewe tu, kumbe wapi. Nyuma yake kuna faharasa, yaani orodha kubwa ya kila kilichopo, na faharasa ina mipangilio yake: neno lipi lihesabiwe sawa na lipi, lipi lipuuzwe, kipi kitangulie. Zahanati huandika "shinikizo la damu", mgonjwa anaandika "presha". Zahanati "upungufu wa damu", bibi yangu mie "safura". Bila mtu kuiambia faharasa kuwa haya ni mamoja, mgonjwa anajibiwa hakuna. Mama Karatasi alizunguka miezi, kutoka Moa hadi Kipumbwi, akikaa vibarazani na kina mama na kuuliza ugonjwa huu mnauitaje, na huu je. Ile orodha ya maneno ilikuwa jasho lake.

Sasa vijana, kama mjuavyo vijana, hawakutaka kukaa wakibadilisha mipangilio kwa mikono. Waliwapa kazi hiyo mawakala wa akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazotenda kwa kuagizwa: unamwambia wakala kwa maneno, "ongeza hili," naye anakwenda kuongeza. Kwa ajili hiyo wakatengeneza zana ya kuingilia kwenye mipangilio. Lakini zana bila maelezo ni mlango usio na mpini. Lazima wakala asome mahali inafanya nini, inataka nini, na inaweza kuharibu nini. Wakamwomba Mama Karatasi aandike maelezo hayo. Akaandika ukurasa mzima. Na chini kabisa, nawaapia, aliandika: "Ukiona hujaelewa, usiguse. Rudi kwa aliyekutuma umuulize. Hakuna atakayekucheka."

Nilipousoma ukurasa ule nilicheka mpaka machozi. Kwa ubaya wangu nikaupeleka kwenye safu hii. Wenye kumbukumbu mtaikumbuka makala niliyoandika juu ya "dada mmoja wa mjini kwetu anayeibembeleza mashine isione haya". Nilijiona hodari, wengi mlinipigia kunipongeza. Asubuhi yake nilimkuta mlangoni, mikono kiunoni kama kawaida. Nikamwamkia. Hakunijibu papo hapo. Akasema, "Bwana Mwandishi, ile sentensi haisomwi na mashine peke yake. Anaisoma na kijana atakayeulizwa swali. Inamkumbusha asicheke." Kisha akaongeza, taratibu, na hili ndilo lililoniuma: "Wewe unaandika vizuri sana. Lakini unawaandikia wanaokujua. Mtu akiisoma safu yako mara ya kwanza, anajiona amekaa kwenye harusi asiyoalikwa." Halafu ndiyo akaitikia shikamoo yangu, akapita.

Hao vijana nao, pengine kwa kusoma makala yangu, Mungu anisamehe, wakaona ukurasa ni mrefu mno. Mkubwa wao akaukata ukabaki mstari mmoja: "Zana hii hubadilisha orodha ya maneno yanayofanana." Mashine ina akili, alisema, haihitaji kushikwa mkono. Mstari ule ulikuwa wa kweli kama lile tangazo la korona. Ambacho haukusema ni kwamba zana ile haiongezi kwenye orodha. Inaiondoa iliyopo na kuweka uliyoileta. Ni kama kumtuma mtu aongeze kiti sebuleni, akatoa viti vyote nje kwanza, kisha akaweka hicho kimoja. Mama Karatasi alikuwa ameliandika hilo mwanzoni kabisa mwa ukurasa wake, tena kwa kirefu: kwanza soma orodha yote iliyopo, ongeza neno jipya ndani yake, ndipo uirudishe yote, na kama inayorudi ni fupi kuliko uliyoikuta, simama.

Siku moja kijana akamwambia wakala, "Ongeza kuwa 'presha ya kupanda' ni sawa na shinikizo la damu." Wakala akaongeza. Akajibu kwa adabu kuwa kazi imekamilika. Na ilikuwa imekamilika kweli: orodha nzima ya miezi ile, Moa hadi Kipumbwi, ilifutika, likabaki neno moja. Huko Ushongo nina shangazi yangu mwenye ugonjwa wa kisukari, vidonge vyake vimemwishia, mjukuu wake akaandika kwenye simu "dawa ya sukari". Hakuna. Akaandika tena. Hakuna. Shangazi, ambaye simu anaiamini kuliko anavyoniamini mimi, akasema basi dawa wilaya nzima imekwisha, tuvute subira. Akavuta subira siku mbili. Siku ya tatu walimkuta ameanguka jikoni, na dawa ilikuwepo muda wote, zahanati ya jirani, mwendo wa kutembea kwa miguu. Alhamdulillahi, aliamka. Nilipopata habari nilishika njia ya Usagara nikiwa nimekwisha kupanga matusi yangu kwa mafungu.

Nilipanda ngazi zile nikihema kwa hasira. Nikawakuta vijana wanne wamesimama ukutani kama watoto wa madrasa waliokosa, na Mama Karatasi ameketi katikati, miwani puani, kalamu mkononi. "Nani kakosea hapa?" nikauliza kwa sauti ya kubomoa dari. "Nimeuliza, nani?" Yule mkubwa wao akafungua mdomo, nadhani alitaka kusema wakala. Mama Karatasi hakuinua hata uso. "Karatasi," akasema. "Kaa chini, kaka. Tunaiandika upya." Angeweza kuwaambia, "Si niliwaambia?" Angeweza kuniambia mimi pia, na haki alikuwa nayo. Akauliza tu, "Shangazi anaendeleaje?" nikamwambia ameamka, akafanya ishara ya msalaba, akarudi kwenye ukurasa wake. Nikakaa. Matusi yangu yote niliyameza.

Nilikaa pale hadi alasiri nikimtazama akifanya kazi, na ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikicheka. Walitengeneza orodha ya majaribio, isiyo ya mgonjwa yeyote. Akaandika, wakamwanzisha wakala mpya, wakampa ukurasa na kazi. Akikosea, haijadiliwi akili yake. Dada anarudi kwenye ukurasa, anafuta, anaandika, anaagiza aletwe mwingine. Nikamuuliza kwa nini mwingine, si yule yule amekwisha kujifunza? Akatabasamu kidogo. "Hajifunzi, ndugu yangu. Akimaliza kazi anasahau, kesho anakuja hajui hata mlango. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya pili hafiki maishani mwake, na jembe tunampa mlangoni. Sasa nani alaumiwe akikata mguu wa mtu?" Kisha akasema kama anayezungumza na meza, "Baba naye walimpa siku ya pili." Vijana walikuwa hawaijui habari ya baba yake. Akawasimulia pale pale, kwa kifupi, bila kulia. Mkubwa wao alirudisha ukurasa wote siku hiyo hiyo, pamoja na orodha nzima kutoka kwenye madaftari ya dada, na mstari wa mwisho akauandika yeye mwenyewe.

Tangu siku ile nimekuwa nikitembea katika mji wetu nikiona mambo ambayo sikuyaona kwa miaka hamsini. Tumezungukwa na maandishi ya wenyeji kwa ajili ya wenyeji. Unaingia ofisi, kibao kinasema nenda dirisha la tatu, na madirisha hayana namba. Unapewa fomu inayotaka "kiambatisho husika", kana kwamba ulizaliwa ukikijua. Bibi kutoka Lushoto anashuka na mkoba wake, anazungushwa ghorofa mbili, na akiuliza anajibiwa, "Si imeandikwa pale?" Kisha tunasema watu hawasomi. Wanasoma! Wanasoma, wanaona haya, wanaingiza mkono. Sisi tunaojua tumegeuza kujua kwetu kuwa uzio, na kicheko ndiyo miiba yake. Nasema sisi, na mimi nikiwa wa mbele.

Ugonjwa ulimjia Mama Karatasi haraka. Mara ya mwisho nilimkuta kitandani, amekonda, lakini jicho ni lile lile. Ilibidi nimwamkie kabla sijapewa kiti. Hakutaka habari za dawa wala za padri, na padri alisema wamekwisha kuelewana. "Wataukata tena," akaniambia. "Nikishaondoka, atakuja mwingine mwenye haraka, ataona ni mrefu. Wewe una mdomo. Utawaambia?" Nikamwahidi. Nikataka kumwomba radhi kwa ile makala, maana sikuwahi, miezi yote ile, wallahi sikuwahi. Nikaanza, "Dada, ile makala yangu..." Akaniwekea mkono juu ya mkono. "Karatasi ndiyo ilikosea," akasema. Nililia pale mbele ya wanawe, na sioni haya kuwaambia.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikwenda Usagara na hotuba yangu ya kuutetea ukurasa. Mkubwa wa vijana akaniamkia, akanipa kiti, akanisikiliza maneno mawili matatu, akasema, "Mzee, acha nikuonyeshe." Shangazi yangu alikuwa amewapelekea neno lao la huko kwao, nao walikuwa hawajaliingiza. Akamwambia wakala aongeze. Tukangoja. Jibu likaja kwenye kioo, nami nikalisoma kwa sauti kwa kuwa macho ya kijana yalikuwa yamejaa: "Nimesoma orodha iliyopo. Nimeandaa nakala yake yenye neno jipya, na yote ya zamani yamo. Ila sijaelewa kama neno hili ni la ugonjwa mmoja au miwili. Orodha yenyewe sijaigusa. Nimerudi kukuuliza." Kijana akafuta uso kwa kiwiko. Akaniambia kuwa wiki ile Mama alipolazwa mwenzao mmoja alitaka tena kuufupisha ukurasa. Hakubishana naye. Aliandika ule mfupi, akampa wakala mpya kwenye orodha ya majaribio, akasimama pembeni kimya kama alivyofundishwa. Orodha ikafutika. Akaurudisha mrefu. Nikamuuliza kuhusu mstari wa mwisho, ule wa kucheka, je, nao unamsaidia wakala? Akafikiri. "Sidhani, mzee. Nimejaribu bila huo, anauliza vile vile. Lakini sisi tunauhitaji." Hotuba yangu nikaikunja nikaiweka mfukoni, haikuwa na kazi tena.

Kofia ya yule mzee bado ninayo. Nilimtafuta nimrudishie, nikaambiwa alikuwa mpita njia, alisikia vilio akaingia kutoa pole. Mgeni kabisa, na ndiye aliyejua la kufanya na mgeni mwingine aliyeingia na kichwa kibaya. Miaka yote nimewaandikia nyinyi mnaonijua, nikikonyezana nanyi juu ya vichwa vya wengine. Leo nimejaribu kuandika kwa mtu mmoja tu, yule ambaye gazeti hili amelikuta limefungiwa maandazi, hanijui, hamjui marehemu, na faharasa hajawahi kuisikia. Kama ni wewe, karibu, kiti chako hiki. Na kama kuna mahali hukuelewa, nimekosea mimi. Rudi uniulize. Hakuna atakayekucheka.